Kubadili usemi halisi kuwa usemi taarifa kwenye Kiingereza: njeo na maswali vinanigonga

Mtahiniwa_F4

Wakuu, salaam. Naomba msaada kwenye ile mada ya Kiingereza ya kubadili "direct speech" kuwa "reported speech". Kugeuza "I" kuwa "he" au "she" hakunisumbui. Kinachonisumbua ni njeo (yaani wakati wa kitenzi), maswali na amri. Sentensi ni hizi:

1. Juma said, "I am sick."
2. She said to me, "Where do you live?"
3. The teacher said, "Tanganyika became independent in 1961."
4. Mother said, "You must finish your homework."
5. He said, "Let us go to the market."

Niliyojibu:

1. Juma said that he is sick.
2. She asked me that where do I live.
3. The teacher said that Tanganyika had become independent in 1961.
4. Mother told that I must finish my homework.
5. He suggested to go to the market.

Nimeambiwa matatu ni makosa kabisa na mawili yana mjadala. Ni yapi, na kwa nini? Naomba sababu, siyo jibu tupu, maana sentensi ikibadilishwa kidogo nitarudi palepale.

---

Bi_Sarufi

Makosa kabisa ni la 2, la 4 na la 5. Yenye mjadala ni la 1 na la 3, nami naanza na hayo kwa sababu ndiko uliko mzizi wa tatizo.

Kiswahili cha kila siku hakirudishi njeo nyuma. Juma akisema "Naumwa", tunaripoti "Juma alisema anaumwa". Nafsi imehama, ni- imekuwa a-, lakini -na- imebaki. Kwetu -na- inahesabiwa tangu pale Juma alipofungua mdomo. Kiingereza kinahesabu tangu pale aliposimama anayeripoti. Kwake yeye maneno ya Juma yameshapita, kwa hiyo kitenzi kinarudi nyuma hatua moja: "Juma said that he was sick." Hiyo "was" haimaanishi kwamba Juma amepona. Wengi hapo ndipo wanapogoma kuandika "was", wanaona kama wanampotosha Juma.

Kwenye usemi taarifa wa Kiswahili wa shuleni tunafundishwa "nitakuja" iwe "angekuja", na hicho ndicho Kiingereza kinachofanya "will" inapokuwa "would". Tofauti ni kwamba Kiingereza kinafanya hivyo karibu kwa kila njeo.

Hatua zenyewe:

- "am", "is" huwa "was". "Are" huwa "were" (ila "you are" ikigeuka "he", andika "was")
- "go" au "goes" huwa "went"
- "is going" huwa "was going"
- "has gone" au "have gone" huwa "had gone"
- "went" huwa "had gone"
- "was going" huwa "had been going"
- "had gone" haina pa kurudi, inabaki
- "will" huwa "would", "can" huwa "could", "may" huwa "might" ikiwa ni uwezekano na "could" ikiwa ni ruhusa

"Would", "could", "might", "should", "ought to", "used to" na "had better" haziguswi.

Kabla hujagusa chochote, tazama kitenzi cha kuripoti. Kama ni "says", "has said" au "will say", njeo ya ndani inabaki ilivyo, unabadili nafsi tu: Juma says, "I am sick" inakuwa "Juma says that he is sick." Watunzi wa mitihani wanapenda sana kupachika "says" moja katikati ya "said" nyingi, na mtu aliyeshika kasi ya kurudisha nyuma anairudisha na hiyo.

Sasa jibu lako la 1. Kwenye mazungumzo, kama Juma bado anaumwa unaporipoti, "Juma said that he is sick" inakubalika. Kwenye mtihani hujaambiwa kama bado anaumwa, na "was" ni sahihi kwa hali zote mbili. Andika "was".

La 3: "had become" siyo kosa la sarufi, ila haihitajiki. Mwaka 1961 umeshaweka tukio mahali pake, hakuna wa kulichanganya. "The teacher said that Tanganyika became independent in 1961" inatosha na inasomeka vizuri zaidi. "Had" inakuwa lazima pale ambapo bila yake maana inageuka. Mfano: She said, "I lived in Tanga." Ukiandika "She said that she lived in Tanga", msomaji ataelewa kwamba alisema "I live in Tanga", yaani bado anakaa huko. Ili kuonyesha alishahama, lazima "She said that she had lived in Tanga."

Ukweli wa siku zote nao unaweza kubaki: "He said that Kilimanjaro is the highest mountain in Africa." Lakini ukiripoti jambo usilolikubali, rudisha nyuma: "The man said that the earth was flat." Ukiacha "is" hapo, unaonekana umemuunga mkono.

---

KalamuNyekundu

Dada Sarufi amemaliza habari ya njeo. Mimi nachukua la 2, la 4 na la 5.

La 2. Kuna makosa matatu ndani ya maneno machache. Kwanza "that". Swali halipokei "that" kabisa. Kwetu "aliniuliza kwamba unakaa wapi" husikika mitaani, na ndiko "asked me that where" inakotoka. Kwenye Kiingereza neno la kuuliza lenyewe ndilo kiunganishi: "where", "when", "why", "how", "what". Pili mpangilio. Swali likisharipotiwa siyo swali tena, kwa hiyo mtenda anatangulia kitenzi kama kwenye sentensi ya kawaida. Tatu "do". Kazi yake ilikuwa kutengeneza swali tu. Inaondoka, na njeo yake inahamia kwenye kitenzi kikuu, ambacho nacho kinarudi nyuma. Jibu: "She asked me where I lived."

Fuatilia "did" kwa makini zaidi. "Where did you go?" inakuwa "where I had gone", siyo "where I did go" wala "where did I went". "Did" inatoka, "go" inachukua njeo yake na kuwa "went", kisha "went" inarudi nyuma na kuwa "had gone". Ukiruka hatua ya kati utaandika "where I went", na kwa mtahini mkali hiyo ni alama imeondoka.

Swali lisilo na neno la kuuliza, yaani lile la ndiyo au hapana, linaunganishwa kwa "if" au "whether". "Are you ready?" he asked her: "He asked her if she was ready." Unaweza kutumia lolote kati ya hayo mawili, isipokuwa sehemu mbili ambapo ni "whether" peke yake: kabla ya "to" ("He asked whether to wait") na ikifuatwa papo hapo na "or not" ("whether or not she was ready").

"Who" ikiwa ndiye mtenda, mpangilio haubadiliki, kwa sababu tayari ametangulia: "Who broke the glass?" inakuwa "He asked who had broken the glass." Ila "Who is that man?" inakuwa "He asked who that man was." Na "What is the matter?" inakubali yote mawili, "what the matter was" na "what was the matter", ukiona mwenzako kaandika tofauti na wewe msigombane.

La 4. "Must" yako siyo tatizo. Tatizo ni "told that". Kiswahili kinakusaidia bure hapa: "kusema" hakihitaji msikilizaji, "kuambia" kinamhitaji. Huwezi kusema "Mama aliambia kwamba" ukaishia hapo, lazima "aliniambia". "Said" ni kusema, "told" ni kuambia. Kwa hiyo "Mother told me that..." au "Mother said that..." Mtu akitajwa baada ya "said" anahitaji "to" ("said to me"), na akitajwa baada ya "told" haitaki ("told to me that" ni kosa).

Vitenzi vingine vina tabia zao, na huku ndiko watu wanakovunjikia hata wakiwa na njeo sahihi:

- "explained to me that", kamwe "explained me that"
- "asked me", kamwe "asked to me"
- "replied that", bila mtu. Ukimtaka mtu, "replied to me that"
- "promised me that" au "promised to", zote sawa

La 5. "Suggest" haipokei "to" na kitenzi. Sisi tunasema "alipendekeza kwenda", na "kwenda" inatuvuta kuandika "to go". Zinazokubalika ni "He suggested going to the market" au "He suggested that they should go to the market", na hiyo "should" unaweza kuiacha: "suggested that they go". Kama anayeripoti alikuwa miongoni mwao, "they" inakuwa "we".

Halafu "let us" ina maana mbili. Wanafunzi wakimwambia mwalimu "Let us go home, sir", hawapendekezi, wanaomba ruhusa: "The pupils respectfully asked the teacher to let them go home." Ikiandikwa kwa mkato, "Let's", ni pendekezo tu, haiwi ruhusa.

Amri na maombi, hukuuliza lakini zitakuja. Muundo ni kitenzi cha kuripoti, mtu, "to", kitenzi. Ukanushi ni "not to". Chagua kitenzi kwa uzito wa maneno: "ordered" kwa askari, "told" kwa amri ya kawaida, "asked" kwa ombi, "begged" kwa kusihi, "advised" kwa ushauri, "warned" kwa onyo. "Don't touch that wire!" the electrician said to the boy: "The electrician warned the boy not to touch that wire." Angalia "forbade": tayari ina ukanushi ndani yake. "He forbade me not to go" inasema kinyume cha unachotaka.

Na ombi likivaa nguo za swali, liripoti kama ombi. "Can you open the window, please?" siyo kuuliza uwezo wa mtu. "She asked me to open the window." Ukiandika "if I could open the window" sarufi ni nzima, ila ombi linaweza kusomeka kama swali la uwezo. "Please" yenyewe huondoka, kazi yake imebebwa na "asked".

---

Mtahiniwa_F4

Asanteni sana, sasa naona njia. Mawili yamebaki. Kwenye la 4, "must" ibaki au iwe "had to"? Maana nimekutana na majibu ya namna zote mbili. Na je, "tomorrow" ni lazima kila mara iwe "the next day"?

---

Njeo_na_Nafsi

"Must" inategemea inafanya kazi gani.

Ikiwa ni wajibu wa wakati ule, "had to" au "must" zote sahihi: "Mother told me that I had to finish my homework." Ikiwa wajibu ni wa baadaye, "would have to" ni bora: "I must leave tomorrow" inakuwa "he would have to leave the next day". Ikiwa ni kukisia, iache: "He must be tired" inakuwa "She said that he must be tired", kwa sababu "had to be tired" inaleta maana ya kulazimishwa kuchoka. Na "must not" ya katazo usiifanye "didn't have to". Hiyo inamaanisha haikuwa lazima, wala siyo marufuku. Acha "must not", au andika "was not to".

"Shall" nayo ina ncha mbili. "Shall I carry the bag?" ni kujitolea: "He asked if he should carry the bag." "Shall I ever see her again?" ni kujiuliza yatakayotokea: "He wondered if he would ever see her again."

Kuhusu "tomorrow": siyo lazima kila mara. Orodha inayokaririwa ni hii:

- "now" huwa "then", "today" huwa "that day", "tonight" huwa "that night"
- "yesterday" huwa "the day before" au "the previous day"
- "tomorrow" huwa "the next day" au "the following day"
- "last week" huwa "the week before". "Next week" huwa "the following week"
- "two years ago" huwa "two years before"
- "here" huwa "there", "this" huwa "that", "these" huwa "those"

Orodha ni sahihi kwa sharti moja: anayeripoti awe kwenye siku tofauti na mahali tofauti na msemaji. Bosi akisema leo asubuhi "I will travel tomorrow", nawe ukamweleza mwenzako leo mchana, ni "He said he would travel tomorrow." Ukisema "the next day" mwenzako atauliza siku gani. Vivyo hivyo "here": kama mko ofisi ileile, "here" inabaki. Kwenye karatasi ya mtihani hujapewa siku wala mahali, kwa hiyo badilisha zote.

Watu hupoteza alama kwa kusahau "the". "He said he would come next day" ni pungufu. Ni "the next day". "The day before" ni hivyohivyo, haiji bila "the".

"Now" ikiwa ni ya kuvuta masikio tu, kama "Now, listen to me", haigeuki "then". Inafutwa. Na "come" hugeuka "go", "bring" ikawa "take", pale mahali panapokuwa mbali na anayeripoti.

Sentensi za "if": ile ya jambo linalowezekana inarudi nyuma pande zote mbili. "If it rains, we will stay" inakuwa "if it rained, they would stay". Ile ya kufikirika tu, "If I had money, I would buy a car", haisogei hata herufi ya njeo, unabadili nafsi tu: "He said that if he had money, he would buy a car." Sentensi za "I wish" nazo ni vivyo hivyo.

---

Bi_Sarufi

Naongeza kidogo kwa mwenzangu. Penye "must" ya wajibu mtihani ukiwa wa kuchagua jibu, na machaguo yana "had to" na "must" zote mbili, tazama vitu vingine kwanza: nafsi, "told" iliyokosa mtu, kielezi cha wakati. Aghalabu moja kati ya hayo mawili ina kosa pembeni, na "must" imewekwa kukuzubaisha.

---

Mshale

Haraka haraka, vitu vidogo vinavyokula alama:

Alama za kunukuu zinaondoka, na mkato uliokuwa baada ya "said" unaondoka pia. Alama ya kuuliza inakuwa nukta. Ile herufi kubwa iliyokuwa inaanza ndani ya nukuu inakuwa ndogo, isipokuwa jina la mtu au mahali.

Jina la kuitwa linakuwa mtendwa: "Asha, I am leaving," he said, inakuwa "He told Asha that he was leaving." Usiliache likining'inia mwishoni.

"Yes" na "No" haziripotiwi peke yake. "Do you like it?" "Yes." inakuwa "She said that she did." Au tumia "agreed", "refused", "denied" kulingana na maana.

Mshangao unahitaji "exclaimed that", na "what a" inakuwa "very": "What a big house!" inakuwa "He exclaimed that it was a very big house." Salamu na shukrani zina vitenzi vyake, "greeted" na "thanked". Kuandika "He said that good morning" ni kituko.

---

KalamuNyekundu

Kwa wanaofanya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, kwenye lile swali la dondoo (kipande kilichonukuliwa kitabuni) hupewi sentensi moja iliyosafishwa. Unapewa mstari wa mazungumzo wenye taarifa, swali na ombi kwa pamoja. Kwa hiyo fanya mazoezi na kipande kama hiki:

Neema said to Zawadi, "I left my key here yesterday. Have you seen it? If you find it, please don't give it to your brother. He lost the other one last week."

Usianze kuandika. Kwanza kata vipande na uvipe majina: taarifa, swali la ndiyo au hapana, ombi lenye ukanushi, taarifa. Kila kipande kinataka kitenzi chake, "told" moja haiwezi kubeba vyote vinne. Taarifa ya kwanza: "left" inarudi kuwa "had left", "here" kuwa "there", "yesterday" kuwa "the day before". Swali: "have you seen" inakuwa "whether she had seen". Ombi: "begged", "not to". Taarifa ya mwisho inaunganishwa na "adding that", ili usirudie "she said" mara nne.

"Neema told Zawadi that she had left her key there the day before and asked whether she had seen it. She begged Zawadi not to give it to her own brother if she found it, adding that he had lost the other one the week before."

Ona nilivyorudia "Zawadi" kwenye sentensi ya pili. Wote wawili ni wanawake, na "she" na "her" zikirundikana msomaji hajui ufunguo wa nani wala kaka wa nani. "Own" imewekwa kwa sababu hiyo hiyo: kwenye nukuu ilikuwa "your brother", yaani kaka wa Zawadi, na "her brother" peke yake ingeweza kuwa kaka wa Neema. Nafsi ya kwanza hufuata msemaji na ya pili hufuata msikilizaji. Pale jinsia zao zinapofanana, taja jina hata kama sentensi itakuwa nzito kidogo. "Ali told Hamisi that his phone had been stolen" haisemi simu ya nani. "Ali told Hamisi that Hamisi's phone had been stolen" inasema.